Kuni za Mwenye Hasira

Hidaya alimwonyesha shangazi yake simu. Katika programu ya kuwasema wachumba, mtu asiyejitaja alikuwa ameandika juu ya Shomari, aliyemposa: "Ana hasira. Mkimbie."

"Namkataa, shangazi."

Shangazi, Bi Mize, alitabasamu, akamsimulia. Zamani, mama yake alikwenda kwa majirani wa kijana aliyemposa Mize kuulizia tabia zake. Jirani akamjibu uso kwa uso: "Ana hasira, ila zikimpanda hupasua kuni mpaka zishuke. Kwao kuni haziishi."

"Na Shomari hasira zake huzipeleka wapi?"

"Nitamuuliza nani, na aliyeandika hana jina?"

"Shomari ana majirani. Vaa viatu, twende."

Walipopita uani, Bi Mize alizigusa kuni za mwisho alizopasua marehemu mumewe, ambazo hadi leo hajapata moyo wa kuziwasha.