Marehemu Asiyepambwa

Kijijini Munigi hakujawahi kuzikwa mtu mbaya, kwa sababu maisha ya marehemu wote huandikwa na Papa Zéphirin. Biografia inayosomwa kwenye matanga, watu wakiwa wameketi na machozi tayari, hutoka kwenye meza yake ndogo kando ya barabara. Mlevi huwa “mtu aliyependa wenzake”. Mchoyo huwa “aliyejua kutunza”. Papa Zéphirin hajioni kuwa mwongo. Anajiona mtu wa huruma.

Asubuhi hiyo alikuja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Héritière. Kabla hata ya kuketi, alipangusa vumbi jeusi la lava ya volkano mezani kwa pindo la kitenge chake, bila kuombwa. Papa Zéphirin akampenda papo hapo.

“Ni biografia ya papa yangu,” alisema. “Jumamosi tunamufanyia matanga. Mwili hatuna. Alipotea ningali mutoto wa kubebwa mgongoni.”

“Pole, binti yangu.”

“Aksanti. Ila usimupambe, papa. Mama amemungojea miaka thelathini na moja. Kila jioni anamuwekea chakula kwenye sahani, anakifunika. Jumamosi anataka kuacha. Akisikia maneno matamu juu ya mutu yule, ataanza kungoja upya.”

Papa Zéphirin alitikisa kichwa kwa upole, akaandika: “Aliitwa na majukumu ya mbali.”

“Hapana. Alisema anakwenda Bunagana, kule mpakani, kununua chumvi.”

Akafuta, akaandika: “Alijitoa mhanga kwa ajili ya chumvi ya watoto wake.”

“Futa, papa. Chumvi yenyewe haikufika.”

Mama Béata, aliyeuza chai hapo pembeni, alicheka hadi birika likayumba. “Muzee, leo umepata anayekuweza!”

Papa Zéphirin aliweka kalamu chini. “Binti yangu, mimi ninaandika kwa upole kwa sababu ninajua kupoteza. Mke wangu na mutoto wetu walikufa kwenye vita. Nilibaki peke yangu.”

“Mwaka jana si ulituambia ni kipindupindu?” Mama Béata akadakia.

“Vita ndivyo vilivyoleta kipindupindu,” alijibu, na macho yake yakalowa kweli kweli.

Héritière hakucheka. Alimnunulia chai, akaomba itiwe tangawizi nyingi, na sukari kidogo sana. Hivyo hasa ndivyo Papa Zéphirin alivyoipenda.

Chai ikamlegeza moyo. Akaanza kuuliza kama mtu anayetaka kujua.

“Alituma barua?”

“Hata moja.”

“Sabuni? Nguo ya mutoto?”

“Hapana, papa. Mama alibeba viazi vya watu mgongoni mpaka nikamaliza shule.”

“Mwanaume wa namna gani huyu!” Papa Zéphirin alipiga meza. Hasira ilimpanda kwa ajili ya yule mama asiyemjua. Akachukua karatasi mpya, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaandika bila kupamba: “Alimwacha mke kijana na mtoto wa miezi saba. Hakufukuzwa na mtu. Hakukimbia vita. Alichoka tu na nyumba yake, akaenda.”

Miezi hiyo saba hakuambiwa na yeyote, wala sentensi ya mwisho. Ilikuja yenyewe, na akaona ni nzuri.

Héritière aliisoma mara mbili, akajifuta macho. “Ndiyo. Hii mama ataiamini. Alisema nisiende kwa mwandishi mwingine.”

Papa Zéphirin alitabasamu. Sifa ilimkaa vizuri. Akavuta karatasi karibu ili ajaze palipobaki wazi pale juu. “Jina la marehemu?”

“Twagirimana Zéphirin.”

Aliliandika kwa herufi kubwa, kama la marehemu mwingine yeyote.

“Tuko wengi wenye jina hilo,” alisema, akiupuliza wino ukauke. “Sasa lete picha yake, niibandike.”

“Picha hatuna, papa,” alisema Héritière taratibu. “Mama amenituma nikuombe yako moja.”