Mkono Kifuani

Tangu asubuhi Zaituni hakuwa ameuondoa mkono kifuani mwa mumewe, akihofia kuwa akiuondoa, na pumzi zitaondoka. Fundi Sefu alimaliza kukaza mashine ya mapigo ya moyo ukutani, akaichomeka kwenye umeme. Nesi akambandika mgonjwa nyaya, na mstari wa kijani ukaanza kupanda na kushuka.

"Moyo wake ndio huo, mama," Sefu alisema. "Pumzika sasa."

"Na umeme ukikatika?"

"Ina betri yake."

Zaituni akauinua mkono, kidole kwa kidole. Mstari haukubadilika. Alipoketi tu, usingizi ukamchukua, kichwa kikiwa juu ya begi la vifaa vya fundi. Sefu akaenda kitanda cha pili na bisibisi tu mkononi.