Pumzi Kabla ya Ubeti

"Hii nayo ina kifua kikuu," alisema Mzee Talib, na wimbo haujafika hata ubeti wa pili. "Iondoe."

Firoz akaichomoa amplifaya, akaikumbatia, akairudisha rafuni. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi katika duka lake la Tooting ilikuwa siku ya kutukanwa. Mzee alitoka Walthamstow, akaivuka London nzima kwa treni za chini ya ardhi, akaingia na koti lake la sufi na sidii moja mfukoni. Hata Reshma, mke wa Firoz, aliyekaa kaunta, hamwamkii. Moja kwa moja chumba cha nyuma, cha kusikilizia.

Humo zilisimama spika mbili ndefu kama makabati. Mzee alidai anazo kama hizohizo nyumbani kwake. Spika zenye njaa, hizo. Ukizipa amplifaya dhaifu zinainyonya mpaka inachemka, na sauti inatoka imechoka. Mwenye mfuko mwepesi hana budi kutafuta mtumba wenye nguvu, kisha atafute na priampu, kile kisanduku kinachoiandaa sauti kabla haijasukumwa, na viwili hivyo vikubaliane. Hicho ndicho alichokitaka mzee, kwa kauli yake mwenyewe. Na kila alichowekewa alikitia ila. Hii ya muuza samaki. Ile, aliyeiunda angebaki kuunda pasi.

Sidii yenyewe ilikuwa taarabu ya harusi, iliyonaswa Unguja zamani kwenye kanda na baadaye ikahamishwa. Inaanza fidla, unaingia udi, halafu mwanamke anavuta pumzi na kuimba. Pumzi ile ndiyo iliyomtia mzee wazimu. Ilikuwa fupi, inakwama kidogo katikati, kama ya mtu anayeonja chai ya moto.

"Rudisha nyuma," alikuwa akisema. "Amplifaya yako inameza pumzi."

Siku moja Firoz alimuuliza mwimbaji ni nani. Mzee akamtazama toka viatu hadi utosi, akamjibu kuwa hata akitajiwa, mtu aliyeondoka Unguja bado anavaa kaptura hawezi kumjua. Firoz akaurudisha wimbo nyuma. Mfanyabiashara huvumilia, akijua iko siku mteja atatoa pochi.

Lakini siku yenyewe haikuja, na mwaka huo wa 1999 duka lilikuwa taabani. Mwenye nyumba kapandisha kodi. Mwisho wa mwezi, kama hakuna kitu kikubwa kilichouzwa, chumba cha nyuma kingefungwa na spika zile zingekwenda kwa yeyote. Reshma alisema wamfukuze yule mzee kabla hawajafilisika. Debe tupu haliachi kuvuma, alisema, na kama yule ni mnunuzi basi yeye Reshma ni rubani.

Firoz alikubaliana naye, ila alikuwa ameshajiapia. Mdomo ule lazima useme "nzuri", mara moja tu, na mkono ule utoe fedha. Akazunguka kwa watu mpaka akapata priampu kuukuu ya daktari mstaafu na amplifaya nzito kama gunia la mchele. Akazioanisha, akazisikiliza peke yake, akacheka kwa raha. Bei akaiweka chini kabisa.

Jumamosi mzee akakaa, fidla ikalia, udi ukaingia. Kisha pumzi ikaja, na wallahi ilikuwa kama mwanamke yule amesimama mle chumbani. Hata bangili zake zilisikika. Mzee akafumba macho. Hakutukana mtu. Wimbo ulipokwisha alitoa leso, akapenga kamasi kwa muda mrefu.

"Mbaya," akasema. "Niwekee ile ya wiki iliyopita."

Damu ikamchemka Firoz. Alipunguza bei, mzee akatikisa kichwa. Akajitolea kumpelekea vyombo nyumbani bure, avijaribu kwenye spika zake mwenyewe. Mzee akasema kwake hakualikwa mtu. Basi Firoz akamwambia, bila adabu tena, kuwa mwisho wa mwezi chumba hiki hakipo.

Mzee alikuwa ameshageuka. Akasema atakwenda kwenye maduka ya watu wanaojua kazi. Lakini alikaa pale mlangoni akipapasa, kitasa hakioni.

Jumatatu Firoz alipakia amplifaya na priampu kwenye gari, akaenda Walthamstow kwa hasira zake. Sokoni alimuuliza Mpemba mmoja muuza vitambaa, akaonyeshwa mlango wa kijani. Akabisha kwa kiwiko.

Alifungua mama mtu mzima, kajitanda mtandio mweupe, tasbihi mkononi. Firoz akamwamkia, akamwambia kaleta amplifaya ya Mzee Talib, aijaribu kwenye zile spika zake kubwa.

"Spika?" Mama akatabasamu. "Humu haimo hata redio, baba. Tangu nirudi Hija, muziki nimeupiga marufuku nyumba nzima. Talib kenda msikitini. Na ukimtaka usije Jumamosi, huwa yuko Tooting anamtazama mgonjwa."

Firoz akachungulia juu ya bega lake. Mkeka, saa ya picha ya Makka, kuta tupu. Mwongo mkubwa yule! Miezi yote ile, kumbebesha mtu vyuma na kumtukania mali yake, na hana hata waya. Akafungua mdomo amwage yote palepale kizingitini, mke amjue mumewe.

Mama akamtangulia. Alivuta pumzi, fupi, ikakwama kidogo katikati, kama ya mtu anayeonja chai ya moto, kisha akamuuliza yeye ni nani hasa.

"Samahani, mama," Firoz akasema. "Atakuwa Talib mwengine huyo."