Hitilafu Katika Boma la Mzee

Ijumaa asubuhi, fahali mia mbili na kumi na mmoja walikuwa wamejazana katika boma moja, na hata mmoja hakuwa akipigana. Walizunguka nyumba polepole, wakasimama, wakazunguka tena. Kila simu iliyofungua mchezo huo wa kupiganisha fahali ilikwama kila baada ya sekunde chache.

"Wendy, andikia watu," alisema Titus, mwenye kampuni. "Mashindano ni kesho. Hii kitu ikikwama mbele ya wafadhili, tutafunga ofisi."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea mjini Kakamega. Titus alitafuta wafadhili, Khaemba aliunda mchezo, na Wendy aliongea na wachezaji: aliwatangazia toleo jipya, akapokea malalamiko, akaomba radhi. Kuomba radhi ndiko kulikomchosha zaidi. Wapenda fahali hawana subira. Fahali akichelewa kuinua pembe kidogo tu, Wendy hutukanwa yeye na ukoo mzima wa mama yake.

Aliandika: "Wapendwa wachezaji, tumeona hitilafu. Fahali wenu wamepotelea katika boma lisilo lao. Tutawarudisha makwao saa sita mchana. Tuwieni radhi."

Akajikaza kungoja matusi. Hayakuja. Mtu mmoja tu alijibu: "Acheni tu, msiguse."

Boma lilikuwa la mchezaji aliyejiita Mzee wa Boma, na hilo lilimsikitisha Wendy, kwa sababu huyo ndiye aliyempenda kuliko wote. Kwa miaka miwili mzee huyo aliripoti hitilafu kwa adabu za kizamani. Alianza kwa salamu ya "Mulembe," akamaliza kwa baraka. Aliandika mchana kutwa, saa ambazo watu wengine wako kazini au shuleni. "Sisi wazee hatuendi mbali," alieleza. Wendy alipomwomba apige simu, alikataa, kifua kilimsumbua. Siku moja alileta ombi ambalo Khaemba alilicheka kwanza, kisha akalitimiza: "Fahali akiugua msimwondoe uwanjani. Mwacheni asimame kando awaangalie wenzake."

Wendy alimwandikia: "Mzee, fahali wa watu wamejaa kwako. Zima simu, uiwashe tena."

Mzee hakujibu.

Khaemba alichunguza mpaka saa tano. "Hii si makosa ya mchezo," alisema akijikuna kichwa. "Kila fahali ameletwa na mwenyewe. Mmoja mmoja, tangu jana jioni."

"Kwa nini walete fahali na hawapigani?"

"Mimi ni mtu wa Likuyani, kwetu ni mahindi. Mambo ya fahali uliza watu wa Shinyalu."

Hawakuuliza. Muda ulikuwa umebana, na Titus alikuwa amesimama nyuma yao akitazama saa. Saa sita kamili Khaemba alibonyeza, boma likabaki tupu, mchezo ukaenda vizuri. Titus akaagiza soda.

Chupa hazijafunguliwa, simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Barnaba, mchezaji wa Shinyalu.

"Madam, mmefanya nini? Hiyo haikuwa makosa! Mzee amelala. Huku kwetu mzee akikufa tunaletanga fahali, wanazunguka boma, wanamsindikiza. Inaitwanga shilembe. Mama wa hiyo boma alituambia mazishi ni leo saa nane, hakuna fahali hata moja. Tukasema basi, kila mtu alete yake kwa simu."

"Si mngetuambia, Barnaba?"

"Mlikuwa mnaona, madam. Nani anaangalianga kilio na hajui ni kilio?"

Wendy aliweka simu chini. Alizaliwa Kakamega, akasomea Kakamega, na msiba ulikuwa umepita mbele ya macho yake akaufagia kama takataka. Alilia palepale mezani, bila kujificha.

"Warudishe," alimwambia Khaemba.

"Na mashindano?" Titus aliuliza.

"Yaahirishe. Wafadhili nitawaandikia mimi, na wakitaka kunitukana, nimezoea."

Titus akakubali. Wendy akaandika tangazo jingine, na safari hii hakutafuta maneno mazuri: "Tumekosea. Tulidhani msiba ni hitilafu, tukafukuza waombolezaji nyumbani kwa mwenzetu. Fahali waliokuwepo tumewarudisha. Ambaye hakuwa ameleta, alete. Leo hakuna kupigana."

Ilipofika saa nane, fahali walikuwa mia tatu na arobaini. Mchezo ulikwama kutoka Matungu hadi Likuyani, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyelalamika.

Kisha akaandika kwa boma lenyewe: "Poleni sana kwa kumpoteza mzee wetu. Alitubariki kila wiki kwa miaka miwili. Fahali wake wako hapo, asindikizwe kama inavyomstahili mzee."

Jibu lilikuja saa kumi na moja jioni.

"Asante, Wendy. Mimi ni Rosebella, mama wa hapa. Nilishika simu juu ya jeneza, ikawa inakwama-kwama, lakini fahali wote walipita. Unisamehe kwa jambo moja. Hii heshima ni ya wanaume wazee, hata babu hapa nyumbani alikataa kutoa ng'ombe wake, kwa hivyo wachezaji niliwaacha waamini walivyoamini. Mzee wenu alikuwa Michelle wangu, wa miaka kumi na mmoja."