Mchi wa Mwanakheri

Tangu watawa wa Kibudha walipoufagia mchoro wao wa mchanga wa rangi na kuumwaga kwenye tangi la maji la mji, ili viumbe wote wapatane, maumivu ya mmoja yakawa ya wote waliokunywa maji hayo.

Basi jioni ile Mbwera alipomzaba mkewe Mwanakheri kofi, mtaa mzima ulitokwa damu puani. Mbwera naye ilimtoka, akaipangusa na kucheka. Majirani wakafurika mlangoni.

"Mwenzetu, usimjibu mumeo," Mama Sekela akasihi. "Vumilia, tuna watoto."

"Mtoeni humu ndani!" Mwanakheri akafoka.

"Tumtoeje? Tukimkamata kwa nguvu tunaumia sisi."

Mwanakheri akaweka kidole chake kwenye ukingo wa kinu, akainua mchi. "Haya."

Akaushusha. Mtaa ukapiga yowe moja. Hata mtawa mkuu alianguka barabarani akikishika kidole chake. Mchi ukapanda tena.

"Basi, mama, basi!"

Wakambeba Mbwera kama trei ya mayai, polepole, mpaka nje ya mji.

"Huo ndio upatano wenyewe," mtawa akasema huku machozi yakimtiririka.

Wanawake walikuwa wamesharudi majikoni, na kila mmoja alikuwa akimtazama mumewe, mkono juu ya mchi.