Swali la Saba

Mtafiti wa chuo kikuu alisoma swali la saba kwenye dodoso lake: "Kama mkuu wa fedha, umewahi kumkatalia mkurugenzi?"

"Mara moja," alijibu Mzee Mwakalinga. "Alitaka tupike hesabu za mwaka. Nikagoma kutia saini."

Bi Sikudhani, mhasibu aliyegoma siku ile hadi akashushwa cheo, alikuwa akipanga mafaili kabatini. Mkono wake ukasimama.

"Mkurugenzi akasemaje?" mtafiti aliuliza, kalamu tayari.

Mzee alikunywa maji. Siku ile alikuwa amejifungia chooni mpaka makelele yakaisha.

"Akasemaje, mzee?"

Akamtazama Bi Sikudhani kama mwanafunzi anayeomba kunong'onezewa jibu. Mama huyo akafunga kabati taratibu, akageuka, akasubiri pamoja na mtafiti.