Figa la Tatu la Bi Somoe

Haki ya Mungu, haya niliyaona kwa macho yangu. Nikikutwa nadanganya, chai ya benchi zima juu yangu.

Mkuu wa mkoa alimleta mwekezaji aweke jiwe la msingi la kiwanda cha nyanya, kiwanda cha kutuinulia uchumi. Jiwe lenyewe, lililochongwa tangu mpango wa zamani uliokwama, halionekani! Wakalikuta hapa sokoni kwa Bi Somoe, limekuwa figa la tatu chini ya sufuria la maharage.

"Mama, tupe jiwe letu, mgeni ataondoka!"

"Maharage hayajaiva, baba. Kaeni."

Mkuu wa mkoa jasho likamtoka. Mwekezaji akakaa, akala, akaongezwa, akavua koti akachochea moto.

"Kiwanda kijengwe hapahapa," akasema, "na mpishi awe huyu mama."

Jiwe wakaliweka likiwa bado la moto. Mpaka leo paka hulala juu yake kupata joto.

"Mzee Kibwana!" Bi Somoe akanikatiza, akichungulia kutoka jikoni. "Mafiga gani? Mimi si napikia gesi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaagiza chai ya wote.

Ila yule paka pale mlangoni, mbona manyoya ya tumbo yameungua?